Kibodi yenu haisomi midi zangu

Kwa meneja mauzo,

Habari za kazi. Mimi ndo yule mteja wa huku Mtwara, Mikindani, niliyechukua kibodi ya muziki kwenu kwa 850,000/=, hela ya korosho ile, mkaipakia kwenye basi. Kabla sijalipa nilimuuliza kijana wenu wa kaunta mara mbili, inasoma midi, yale mafaili ya nyimbo, kutoka kwenye flashi? naweza kuzima melodi nikapiga mwenyewe? Akasema inasoma zote kaka, ondoa shaka.

Sasa nachomeka flashi, majina ya nyimbo yanatokea vizuri tu, nikibonyeza ipige skrini inaandika Err halafu inarudi 001. Mafaili 23 ya kwaya, yamekubali 4. Nikapiga simu mkasema mafaili mabovu, mbona kwenye laptopu ya jirani yanaimba yote? Yeye ndo kagundua kuwa yangu ni fomati 1, kila ala na traki yake, na kibodi yenu inataka fomati 0 tu, ile ya kila kitu kurundikwa kwenye traki moja. Akanigeuzia moja, ikaimba. Bovu liko wapi hapo?

Na hata hiyo iliyoimba melodi haizimiki. Kitufe kinazima chaneli, yaani njia ya ala ndani ya faili, ya 1 na ya 2 basi, nyimbo zangu nyingi melodi iko chaneli ya 4, kwahiyo mimi napiga na filimbi ya kwenye faili nayo inapiga hiyohiyo juu yangu kama tunagombania maiki. Jumamosi mazoezini sauti ya kwanza walicheka mpaka mwalimu akasema zima hiyo, piga kwa mkono kama zamani.

Halafu huyo wenu wa WhatsApp ananiambia weka mp3. Jamani! Mp3 ni sauti iliyokwisha rekodiwa, midi ni maelekezo tu, noti ipi, wakati gani, kwa nguvu gani, ndo maana napunguza spidi wageni wakajifunza, na akina mama wakishindwa kufika juu nawashushia.

Nibadilishieni, nileteeni inayosoma fomati zote mbili na kuzima chaneli yoyote kati ya zile 16, nauli ya mzigo iwe juu yenu, kama bei inazidi tuongee. Hamna, rudisheni hela. Risiti ninayo, boksi ninalo, hata yale mapovu ya ndani sijatupa. Nipigieni muda wowote ila sio Jumatano na Jumamosi jioni, nakuwa mazoezini.