Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Tukutanishe kabla ya mazishi

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wanajeshi wastaafu wa Nakuru tunajua kukusanyika. Mwenzetu akifa, habari hutoka Lanet ikafika Gilgil, Njoro na Molo kabla jua halijatua. Michango hutumwa kwa M-Pesa, medali husuguliwa zikang'aa, na siku ya mazishi tunajipanga mstari kama zamani. Nimesimama kando ya makaburi ambapo familia ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, nasi sote mstarini tukajua kuwa alijitoa uhai.

Ombi langu ni moja. Wizara yako ianzishe vikundi vya tiba kwa wanajeshi wastaafu walio katika hatari ya kujiua, na ianzie hapa Nakuru, nje ya kambi.

Tangu Oktoba 2011, jeshi lilipovuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi, vijana wetu wamekuwa wakienda Somalia na kurudi. Wapo walionusurika Al-Shabaab walipovamia kambi yetu ya El Adde, Januari 15, 2016. Wapo pia ambao kambi yao haikuvamiwa hata siku moja, lakini kwa miezi kadhaa kila gari lilipotoka langoni walingoja bomu la barabarani. Mtu huyo akistaafu, anajenga kwenye ploti yake Lanet na majirani wanamwita afande kwa heshima. Usiku bado yuko zamu. Anaamka saa nane kukagua lango, kisha saa tisa, kisha saa kumi. Watoto wake wamejifunza kumwamsha kwa kumwita jina wakiwa mlangoni, kwa sababu akiguswa anarusha mkono kabla hajafungua macho.

Kwa nini kikundi? Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye hospitali moja ya umma. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akaulizwa maswali mawili matatu, akapewa vidonge vya usingizi na tarehe ya mwezi uliofuata. Mbele ya daktari hakugusia kifo hata kidogo. Alikigusia tukiwa kwenye matatu ya kurudi, kwa sauti ya chini, akiangalia dirishani. Aliniambia mimi, nisiye na cheti chochote cha udaktari, kwa kuwa nilikuwa naye kule. Jeshini tulifunzwa kutoonyesha udhaifu mbele ya mkubwa, na kwa askari daktari ni mkubwa. Wa rika lako, mliyelala naye handaki moja, humfichi.

Lakini kukutana tu hakutoshi, na siombi vikao vya kunywa chai na kukumbushana vita. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York, kuna tiba ya kikundi iitwayo Project Life Force, yenye vikao 10. Washiriki hufundishwa kuhimili hisia kali zinapopanda, na kila mmoja huandika mpango wake wa usalama: dalili kwamba hali inaanza kuharibika, jambo analoweza kufanya akiwa peke yake, mahali pa kwenda penye watu, nani wa kumpigia, mhudumu gani wa afya wa kumwona, na namna ya kuweka vitu vya hatari mbali naye. Mpango wa aina hiyo ulibuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Utafiti wao wa 2018 ulifuatilia wanajeshi wastaafu waliopewa mpango huo, mmoja mmoja, katika vitengo vya dharura na kupigiwa simu baada ya kurudi nyumbani. Kwa miezi 6, matukio ya kutaka kujiua yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 45 kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Karatasi moja na simu, Mheshimiwa.

Najua nitajibiwa kwamba wataalamu ni wachache. Zimbabwe nao walikuwa na wachache, na tangu 2006 wamewafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati chini ya usimamizi wa wataalamu. Kikundi chetu kiongozwe na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, pamoja na mstaafu mmoja aliyefunzwa. Aliye hatarini usiku huohuo apelekwe hospitali moja kwa moja, asingoje kikao.

Nimesema nje ya kambi, na hapo nakusihi usilegeze. Mtu akihisi kwamba atakayoyasema yatafika kwa kamanda wake wa zamani au yatagusa pensheni yake, hatafungua mdomo. Ukumbi wa kanisa au wa chifu unatosha. Wake zetu nao watengewe siku yao, maana wao ndio huona dalili kwanza.

Kizuizi cha sheria kimeondoka. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nayo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 imeweka mambo yetu mikononi mwa wizara yako.

Na wewe mwenzangu unayesoma hii huku umezidiwa, usingoje waziri ajibu. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mwamshe uliyehudumu naye.

Mheshimiwa, tuma afisa wako Lanet aje kuonana nasi. Ukumbi tutautafuta sisi, na orodha ya watakaokuja tunaijua.

Wako mtiifu,
Sajini mstaafu, Lanet, Nakuru