Barua kwa vijana wa jazi: lishikeni daftari lenu

Wanangu mnaopiga jazi,

Salamu nyingi. Juzi mmoja wenu aliniletea mkataba wa kurasa tisa, akaniuliza kama atie sahihi. Nikamuuliza: tungo zako za kwanza zitakuwa za nani? Hakujua. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Nilipokuwa na umri wenu, hamu ya kusikika ilinishinda. Nilitia sahihi karatasi nisiyoisoma, tungo zangu nne zikaenda. Moja bado inapigwa. Nikiisikia mahali nasimama kuisikiliza mpaka mwisho, na roho inaniuma vilevile kila mara.

Mpiga piano Herbie Hancock alikuwa na miaka 22 alipokwenda kurekodi albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya rekodi ya Blue Note mwaka 1962. Mpiga tarumbeta Donald Byrd, aliyemchukua kwenye bendi yake na kumlea, alikuwa amemwonya mapema: haki za uchapishaji, yaani umiliki wa tungo zako, usiwaachie. Hancock mwenyewe amesimulia kwamba alipokataa kuzitoa aliambiwa basi hakuna kurekodi, akainuka aondoke, wakamwita arudi. Baadaye mpiga ngoma Mongo Santamaría aliurekodi mmoja wa nyimbo za albamu hiyo, “Watermelon Man”, mwaka 1963 ukavuma Marekani nzima, na mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi, ikamfikia Hancock aliyeutunga. Nawaomba muione ile hatua ya kuelekea mlangoni. Kijana wa miaka 22, hana jina bado, anaondoka! Asingeiweza bila mkubwa aliyemwambia ukweli kabla.

Lakini haki bila tungo ni karatasi tupu. Jazeni daftari. Mtunzi Billy Strayhorn alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa Pittsburgh, na wimbo wake “Lush Life” alianza kuutunga kabla hajatimiza miaka 20. Alipokutana na kiongozi wa bendi Duke Ellington mwishoni mwa 1938 hakwenda mikono mitupu. Hakuna aliyekuwa amemwagiza atunge.

Tena msikimbilie kuongoza bendi. Kaeni kwanza kwenye bendi ya mtu mwingine, muwasikie wenzenu kwa karibu. Ellington aliandika akimfikiria mtu, hakuandika kwa ala tu. Mwaka 1940 alimtungia Cootie Williams wimbo uliofuata kila namna ya sauti aliyoweza kuitoa kwenye tarumbeta yake. Nanyi andikeni hivyo. Mpiga tarumbeta ana midomo inayochoka, mwachieni mapumziko. Mpiga besi msimwandikie kila nota kama mnataka atembee mwenyewe, yaani abuni mwendo wake. Nota za kila mmoja ziwe safi na kurasa ziwe na namba, maana nimeona mazoezi mengi yakiisha kwa kutafuta mstari uliopotea. Usiku huohuo, kabla ya kulala, andikeni kilichogoma.

Jambo moja huwagombanisha marafiki. Solo, yaani kipande ulichobuni papo hapo, uliyopiga juu ya wimbo wa mwenzio, hata iwe nzuri vipi, kwa kawaida haikufanyi mtunzi wa wimbo ule. Mpiga saksofoni Charlie Parker alilitatua kwa njia yake: mwaka 1945 alichukua mfuatano wa harmonia, yaani sauti zinazobeba melodia, wa wimbo “Cherokee”, akajenga juu yake kitu kipya kabisa, akakiita “Ko-Ko”, kikawa tungo yake mwenyewe. Kama mwenzako amekuongezea kipande cha melodia, kubalianeni mgawo kabla hamjafungasha ala, muandike, kila mtu atie sahihi na tarehe. Mnapendana leo, ndio wakati wake.

Nawe mwanangu wa kurasa tisa, kalamu iweke chini kwanza. Njoo nyumbani na huo mkataba, tuusome mstari kwa mstari na mtu anayejua sheria za hakimiliki. Na daftari uje nalo, nataka kukisikia kile kipande cha polepole ulichonipigia nusu ukaona haya.

Mzee wenu