Kundi likirudi, semeni nani hayupo

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma ukurasa wenu wa burudani bila kushika kalamu, hata pale mlipochanganya majina ya wapiga gitaa. Safari hii siwezi kunyamaza. Ile taarifa yenu ya makundi ya zamani yanayorudi na albamu mpya imeliweka Camera Obscura, kundi la pop la Glasgow, Uskoti, kwenye fungu la "walioishiwa wakarudi kutafuta pesa".

Hawakuishiwa. Walitoa albamu ya Desire Lines mwaka 2013. Oktoba 2015 mpiga kinanda wao, Carey Lander, alifariki kwa saratani ya mifupa akiwa na miaka 33, na wenzake wakaweka ala chini. Walipanda tena jukwaani 2019, na albamu ya Look to the East, Look to the West ikatoka Mei 2024 kwa lebo ya Merge ya Marekani. Mwandishi wenu hakumtaja Lander hata mara moja! Pop ya namna hii hutegemea kinanda kijaze nafasi kati ya gitaa na sauti ya mwimbaji. Akiondoka aliyeizoea nafasi hiyo, mgeni akipiga kupita kiasi mwimbaji anafunikwa; akipunguza mno wimbo unabaki mtupu. Tazameni walivyolikabili tatizo hilo: kwenye kinanda akaingia Donna Maciocia, wakamrudia prodyuza Jari Haapalainen aliyefanya nao albamu za 2006 na 2009, kisha wakaacha kabisa mipangilio ya fidla na tarumbeta, wakaegemea piano, ogani ya Hammond, sinthesaiza na mashine za ngoma. Wimbo wa Sugar Almond unamwimbia Lander. Hiyo ndiyo habari, na ninyi mmeandika pesa.

Halafu chini ya ukurasa mkawashauri wasomaji walaze santuri zao moja juu ya nyingine. Jamani! Uzito na joto huipinda plastiki, na santuri iliyopinda huirusha sindano. Niliwahi kuuziwa iliyopinda hivyo, muuzaji akaniambia niikandamize kwa kitabu kizito, haikunyooka. Santuri husimamishwa wima, zisibanwe, mbali na dirisha lenye jua. Na anayenunua ya inchi 12, ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, aangalie muda wa kila upande: ukizidi sana dakika 20 mifereji inayofuatwa na sindano hubanana, fundi anayeichonga analazimika kupunguza sauti na besi, na herufi "s" za mwimbaji huanza kukwaruza karibu na katikati.

Ninachoomba ni sentensi nne katika kila taarifa ya kundi lililorudi: nani yumo, nani hayupo na kwa nini, nani prodyuza, lebo gani. Mwandishi akikosa mojawapo, taarifa yake isubiri toleo linalofuata.

Msomaji wenu wa siku nyingi