Mjomba, kabla hujapiga simu polisi

Shikamoo Mjomba,

Nimesikia kikao cha kijiji kimepitisha operesheni: kijana atakayekutwa usiku kwenye kibanda cha vidio apakiwe kwenye gari la polisi. Nakujibu hadharani kwa kuwa wenyeviti wengi wa LC1 (baraza la kijiji) kama wewe hapa Uganda hukimbilia huko, na wanasukuma mbali kesi ambazo sheria imewaachia wao.

Kwa Sheria ya Watoto, aliye chini ya miaka 12 hashitakiwi. Kuanzia 12 hadi kabla ya kutimiza 18, wizi, kupigana hadharani, kuvamia kiwanja cha mtu na kuharibu mali huanzia kwenye korti yako ya kijiji. Una uwezo wa kupatanisha, kuamuru fidia, kurudisha mali, kumtaka aombe radhi, kuonya, au kumweka chini ya msimamizi kwa muda usiozidi miezi 6. Kiboko hakimo. Kumfungia stoo hata usiku mmoja, hakumo pia.

Panapoharibika ni kwenye fidia. Mwenye kuku wa shilingi 30,000 anadai 200,000, mama anauza mbuzi, mwizi mwenyewe anaendelea kucheza karata za matatu. Shika bei ya soko. Andika daftarini nani analipa, lini, kwa awamu ngapi, watie saini. Kijana naye atoe jasho, hata kama ni kumchotea mwenye kuku madumu ya maji.

Ubakaji na ujambazi ni vya polisi, na huko kinachowaponza watoto ni umri. Wa miaka 15 mwenye kimo huandikwa 18, akalazwa na watu wazima, jambo ambalo sheria inakataza. Barua zenu za LC kwenda polisi zina muhuri mkubwa na "kijana huyu" bila mwaka wa kuzaliwa! Uandike. Mama abebe kadi ya chanjo au ya ubatizo, na awepo mtoto anapohojiwa. Bondi (dhamana) ya polisi ni bure, atakayeombwa hela aombe risiti. Akinyimwa bondi, afikishwe kortini ndani ya saa 24.

Na hiyo operesheni yenyewe: Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele viwili vya kifungu cha 168 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, vile vya kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kuwa mzururaji. Sasa hao waliokuwa wanatazama mpira, barua yako itawaandikia kosa gani?