Tangi la "kuua bakteria" bado linahitaji klorini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie matangi ya maji ya plastiki yanayouzwa kwa sifa kwamba tabaka lake la ndani linaua bakteria kwa asilimia 99.9. Namba hiyo inaweza kuwa kweli tupu huko maabara, na isimsaidie chochote anayekinga maji ya kunywa kutoka kwenye tangi hilo.

Plastiki za aina hii huchanganywa na unga laini mno wa oksidi (metali iliyoungana na oksijeni) ya zinki, ya titani au ya shaba. Udogo wa chembe ndio nguvu yake: gramu 1 ya oksidi ya zinki yenye chembe za nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) ina eneo la nje la mita za mraba 35 hivi, na kazi yote hufanyika pale eneo hilo linapokutana na unyevu. Zinki na shaba huachia ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazovuruga utando wa bakteria na vimeng'enya vyake. Titani hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Yenyewe hungoja mwanga, tena mionzi ya urujuanimno yenye wimbi lisilozidi nanomita 390 hivi, ndipo izalishe oksijeni kali inayounguza vijidudu.

Sasa funua mfuniko wa tangi uchungulie. Ndani ni giza. Polithini ya tabaka la nje imetiwa masizi makusudi, maana jua likipenya huotesha mwani na kuichakaza plastiki. Titani iliyowekwa kwenye giza hilo ni rangi nyeupe, basi. Kwa hiyo mnunuzi anayeambiwa habari za "nano" aanze kwa kuuliza: ni oksidi gani?

Tuseme ni zinki. Kipimo kinachotajwa sana ni ISO 22196, kiwango cha kimataifa cha kupima uwezo wa plastiki kuua bakteria. Hukatwa kipande cha plastiki cha sentimita 5 kwa 5, kikadondoshewa mililita 0.4 za majimaji yenye bakteria, kikafunikwa kwa karatasi ya plastiki ya sentimita 4 kwa 4, kisha kikakaa saa 24 kwenye joto la nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90. Piga hesabu. Mililita 0.4 zikitandazwa kwenye sentimita za mraba 16 hutoa tabaka la maji lenye unene wa robo milimita. Hapo bakteria hana pa kukimbilia. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha mita 1.1 lina kuta na sakafu za mita za mraba 4.6 hivi zinazogusa maji, yaani kila sentimita moja ya mraba inabebeshwa mililita 22 hivi. Hayo ni maji zaidi ya mara 800 ya yale ya kwenye kipimo. Na tangi hujazwa na kukingwa kila siku. Maji hayasubiri saa 24.

Kisha kuna tope. Pitisha kidole kwenye ukuta wa tangi lililotumika miezi michache utakuta utelezi. Huo ni ute wa bakteria uliochanganyika na udongo, na wanaoishi juu yake hawaigusi plastiki tena, hata iwe na dawa gani.

Kiwandani nako kuna kosa ambalo macho ya mnunuzi hayalioni. Tangi hutengenezwa kwa kumwaga unga wa polithini kwenye kalibu inayozungushwa ndani ya tanuru lenye nyuzi 250 hadi 300. Unga huyeyuka na kushika ukutani taratibu, bila kitu chochote cha kuukanda. Chembe za nano zikichanganywa kikavu na unga huo hushikana na kubaki mabonge. Bonge la mikroni 3 (mikroni moja ni nanomita 1,000) lina eneo dogo mara 100 kuliko chembe za nanomita 30 kwa uzito uleule, kwa hiyo dawa imepotea, na palipo na bonge ndipo ufa huanzia tangi linapogongwa. Njia sahihi ni kukausha oksidi, kuipaka kemikali kama asidi ya steariki au silani ili ikubaliane na plastiki, kuikanda ndani ya polithini iliyoyeyuka kwenye mashine ya skrubu mbili, kukata punje, halafu kuzisaga upya ziwe unga wa mikroni 500 hivi. Ni gharama, na ndiyo maana wapo wanaoikwepa.

Sisemi teknolojia hii ni uongo. Kwenye ubao wa kukatia nyama au kitasa cha mlango wa wodi, penye unyevu mwembamba tu, inaweza kusaidia. Ila kwenye tangi hailindi maji, na familia inayoacha klorini kwa kuamini lebo inajiweka karibu na kipindupindu. Naliomba Shirika la Viwango Tanzania litake kila lebo ya namna hii itaje oksidi iliyotumika, jina la kipimo, na maneno haya kwa Kiswahili: "Haitibu maji."

Kwa tangi la lita 1,000 lenye maji meupe, unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 unaohitajika ni gramu 3. Ukoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, acha utuame, mimina maji ya juu tu, subiri nusu saa, na upime bombani: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Maji ya tope yatuamishwe kwanza, la sivyo klorini huishia kwenye uchafu. Wakati wa kuosha, sugua utelezi wote kwa brashi, toa uchafu, jaza maji na uweke gramu 75 za unga huo, bila kuchanganya na sabuni wala asidi. Fungua kila bomba mpaka linuke klorini, yafunge, acha usiku kucha, kisha mwaga maji yote kabla ya kujaza ya kutumia.

Fundi wa plastiki,
Dar es Salaam