Malalamiko: Mnatupa M na skoa 100, mzigo haufiki

Ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu programu yenu ya kutafuta anwani, tunayoilipia kila mwezi kwa ajili ya kusambaza mizigo ya maduka ya Kariakoo hapa Dar, na naomba barua hii isirudi tena kwa yule kijana wa sapoti ambaye kila ukimuuliza jibu ni "stetasi ni M bosi, imepatikana". Mpeni anayejua hiyo M inatoka wapi.

Iko hivi, tunapakia faili la eksel lenye anwani za wateja, nyie mnarudisha koordineti, yaani namba za kuchomeka pini kwenye ramani, na herufi moja, M imepatikana, T majibu zaidi ya moja yamefungana kwa skoa, U haijapatikana, na pembeni skoa mpaka 100. Sasa mteja kaandika Goba na postikodi, basi, hakuna barabara wala namba ya nyumba. Jibu lenu, M, skoa 100. Kijana wa boda kaifuata pini kakuta pori na mbuzi wawili wamefungwa, mteja yuko mlima wa pili huko, wakaanza kupigiana simu "nipo kwenye pini" "pini gani tena kaka", mpaka salio likakata na mzigo ukarudi stoo. Pini mmeichomeka katikati ya kata! Postikodi zetu za tarakimu 5 zinaishia kwenye kata, hazifiki mlangoni kwa mtu, na Goba si ya kuzunguka kwa mguu ukaimaliza.

Kumbe skoa yenu inapima maneno tu, yaani alichoandika mteja kimefanana vipi na kilichopo kwenye data zenu, habari ya pini kuwa karibu na nyumba haimo kabisa. Ndo maana aliyeandika "Goba" tu anakula 100, halafu aliyejaza kila kitu, namba, barabara, kata, anapewa 82 kisa kakosea herufi moja kwenye jina la barabara, na huyo wa 82 ndo pini yake iko getini kwake. Mwongozo wenu unasema chini ya 85 hakiki, kuanzia 85 endelea. Kwa hiyo tunawapigia simu watu ambao hawana shida, wenye shida tunawatumia boda moja kwa moja, na mafuta ya boda hamlipi nyie.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba taarifa mnayo. Kuna safu inasema kama pini ni ya nyumba, ya barabara au ya kata, ila mmeificha mwisho kabisa na ukidaunlodi faili la kawaida haiji, mpaka uende kwenye mipangilio uchague safu zote. Nani angejua?

Na hizo T jamani. Mtaa wa Msikitini, Mtaa wa Shuleni, iko kibao mji huu, mteja asipotaja kata ni lazima yafungane, sawa, lakini badala ya kutuletea yote tuchague, programu inabeba la kwanza na kulipatia koordineti, na kwenye ramani rangi ni ileile ya M. S.L.P. nazo zinapewa pini ya posta kana kwamba mtu analala ndani ya sanduku.

Sapoti wakaniambia eti shida ni Afrika hakuna anwani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba kibao huku zina vibao vya namba na barabara zina nguzo za majina, hiyo lugha muiache.

Tunachotaka: ile safu ya aina ya pini ikae jirani na M kwenye kila faili, T ije na majibu yote bila koordineti mpaka tuchague wenyewe, na mwongozo useme wazi skoa ni ya maandishi. Pia pini za katikati ya kata mlizotuchaji bei sawa na za nyumba mturudishie tofauti, orodha nimeiambatanisha na nimezipaka njano. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu na bosi kashasema bila majibu ya maandishi hasaini mwingine.

Wenu,
Msimamizi wa usambazaji, Dar es Salaam