Tuse, Ons Jabeur hakukimbia

Uyole, Mbeya
Januari 2026

Tuse mwenzangu,

Kamwene! Natumaini huko Iringa umeshazoea kuitikia salamu hiyo, maana mimi huku bado ni ndaga yetu ya Kinyakyusa kwa kila jambo. Mvua zinanyesha vizuri, mahindi yamefika magotini na njia ya kwetu imegeuka tope tupu. Mama nilimwona Jumapili tukitoka kanisani, mzima kabisa. Anasema viazi vyako atavifunga wiki hii na kumpa kondakta yule anayemfahamu.

Sikukujibu haraka kwa sababu ulichoniandikia hakijibiki kwa ujumbe mfupi. Ulisema, "Hata huyo Ons wako si amekimbia? Fainali tatu, mikono mitupu. Na mimi goti langu linaniambia nikae nyumbani." Wewe mchezaji wa mpira wa pete umejipima kwa mcheza tenisi ninayemfuatilia miaka yote hii, na nadhani umempima vibaya. Ukishampima yeye vibaya, na wewe unajipima vibaya.

Nianze alikoanzia. Ons Jabeur alizaliwa mwaka 1994 Ksar Hellal, Tunisia, akakulia Sousse, mji wa pwani wa watalii. Mama yake, Samira, alikuwa akicheza tenisi kwa kujifurahisha, na ndiye aliyempeleka uwanjani akiwa na miaka 3. Klabu yao haikuwa na viwanja vyake. Watoto walifanya mazoezi kwenye viwanja vya hoteli, vya kuazima. Alipofika miaka 12 akaondoka nyumbani kwenda Tunis kwenye shule ya michezo. Mimi na wewe tulijifunza pete kwenye vumbi, goli likiwa limefungwa kwenye mlingoti, kwa hiyo habari ya kuazima kiwanja hatuhitaji kuelezwa.

Mwaka 2010 alifika fainali ya wasichana ya michuano ya wazi ya Ufaransa, akafungwa. Mwaka uliofuata akarudi kwenye fainali ileile, akashinda. Alikuwa na miaka 16. Hapo ndipo watu wa mbali hudhani njia imefunguka, kinachobaki ni kukusanya vikombe. Haikuwa hivyo hata kidogo. Ilimchukua mpaka mwaka 2017 kuingia kwenye wachezaji 100 bora duniani. Miaka sita, Tuse! Miaka ya mashindano madogo madogo, ambako mchezaji anajilipia nauli, malazi na kocha, na akitolewa mapema anaondoka na fedha ambazo hazirudishi hata nusu ya gharama. Miaka hiyo haionyeshwi kwenye televisheni yoyote, lakini ndiyo ninayomheshimia zaidi kuliko miaka ya fainali.

Na hata huo mwaka 2017 mlango ulifunguka kwa namna ya ajabu. Huko Ufaransa alitolewa kwenye raundi za kufuzu. Akaingizwa kwenye michuano kwa sababu kuna mchezaji alijitoa, nafasi ikabaki wazi. Mtu aliyekwisha kutolewa akaenda kumfunga Dominika Cibulkova, aliyepangwa namba 6, na akafika raundi ya tatu. Angekuwa amekata tamaa siku aliyotolewa, hiyo nafasi angeichukua mwingine.

Baada ya hapo mambo yalipanda, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2018 alifika fainali Moscow, akashinda seti ya kwanza, kisha Daria Kasatkina akamgeuzia kibao. Mwaka 2020 alifika robo fainali Australia, mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika hatua hiyo katika michuano yoyote kati ya ile mikubwa minne ya tenisi: Australia, Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na Marekani. Juni 2021 akachukua taji lake la kwanza la ngazi ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, huko Birmingham, na katika fainali alimfunga nani? Kasatkina. Mwaka huohuo akaingia kumi bora.

Mwaka 2022 ndio ninaotaka ukae nao. Mei alishinda Madrid. (Madrid iko juu kidogo, kama mita 650 hivi, na wachezaji wote hulalamika kwamba mpira unaruka kuliko kawaida. Sisi huku tuko mita 1700! Kuna mipira maalumu inayotengenezwa kwa ajili ya kuchezea miinuko kama yetu. Wasichana wangu wa shule, wale ninaowafundisha tenisi kwenye kiwanja cha pete kwa wavu wa kamba, nimewaambia kwamba mipira yao kutoka nje si kosa lao peke yao.) Wiki chache baada ya Madrid akaenda Ufaransa akatolewa raundi ya kwanza. Tazama mabadiliko hayo ndani ya mwezi mmoja. Juni akashinda Berlin, na mwisho wa mwezi akawa namba mbili duniani.

Kwenye simu yake alikuwa ameweka picha ya kikombe cha wanawake cha Wimbledon, kila akiiwasha anakiona. Nusu fainali alikutana na rafiki yake, Tatjana Maria wa Ujerumani, mama wa watoto wawili. Ons akashinda, halafu badala ya kusherehekea peke yake akamvuta Tatjana katikati ya uwanja ili watu wampigie makofi yeye. Kwenye fainali alichukua seti ya kwanza 6-3, kisha Elena Rybakina akazichukua mbili zilizofuata, 6-2 na 6-2. Hakuna mwanamke wa Afrika aliyewahi kufika fainali ya mchezaji mmoja mmoja ya michuano mikubwa tangu tenisi ya kulipwa ilipofunguliwa mwaka 1968, isipokuwa yeye. Wimbledon hiyohiyo, kwa wasichana, Angella Okutoyi wa Kenya alishinda taji la wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Nilifurahi mpaka nikampigia simu kaka yangu Nairobi, na yeye wala hakujua kuna tenisi inachezwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Pointi za tenisi, zile zinazopanga namba ya mchezaji duniani, hudumu wiki 52 tu. Ulizozipata Julai hii, Julai ijayo zinafutwa, na ni lazima uwe umezipata nyingine ili ubaki ulipo. Ni kama mahindi yetu: ghala la mwaka jana halikulishi mwaka huu, ni lazima ulime tena. Mshindi wa pili Wimbledon kwa kawaida hupata pointi 1300. Lakini mwaka 2022 waandaaji waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus, na kwa ajili hiyo michuano hiyo ikanyimwa pointi zote. Kwa hiyo Ons alifika fainali, akapata pointi sifuri, na juu ya hilo zile za robo fainali ya mwaka 2021 zikafutwa. Akashuka kwenye orodha kwa mafanikio makubwa kuliko yote ya maisha yake. Ukiona namba ya mchezaji imeshuka, usiamini haraka kwamba mchezaji naye ameshuka. Septemba akafika fainali ya Marekani, akafungwa na Iga Swiatek.

Mwaka 2023 ulianza kwa upasuaji wa goti. Goti, Tuse. Aprili akarudi akashinda Charleston, halafu huko Stuttgart akaumia msuli wa mguu. Alipofika Wimbledon hakuna aliyekuwa na uhakika na mwili wake. Basi akawafunga mfululizo Bianca Andreescu, Petra Kvitova, Rybakina yuleyule na Aryna Sabalenka, wote wanne wakiwa wameshawahi kuchukua taji kubwa. Kwa Sabalenka alikuwa nyuma kwa seti moja na 4-2 katika ya pili, na akatoka humo.

Fainali ilikuwa Jumamosi, Julai 15, saa kumi jioni kwa saa zetu. Niliitazama Mwanjelwa kwenye banda umiza, baridi ya Julai unaijua, watu wamejifunika makoti. Hakukuwa na mechi ya mpira wa miguu siku hiyo, ndiyo maana mwenye banda alinikubalia. Mwanzoni tulikuwa wachache. Ons alipoongoza 4-2 seti ya kwanza, hata vijana wa bodaboda waliokuwa mlangoni waliingia wakaanza kuuliza hesabu zinakwendaje. Kisha mkono wake ukawa mzito. Mipira ile ya kudondosha karibu na wavu, ambayo hakuna anayeipiga kama yeye, ikaanza kubaki upande wake. Marketa Vondrousova hakufanya makeke, alirudisha tu kila kitu. Ikaisha 6-4, 6-4. Ons alilia mbele ya dunia nzima na akasema hicho ndicho kipigo kilichomuuma kuliko vyote. Kijana mmoja karibu yangu akasema, "Dada huyu anajua mpira, ila kombe limemlemea." Mimi naona alisema kweli. Hakukosa ufundi. Alilitaka mno lile kombe, na alijua ni watu wangapi nyuma yake walikuwa wakilitaka.

Miongoni mwa walioenda kumfariji siku ile alikuwemo Kim Clijsters wa Ubelgiji. Huyu naye alipoteza fainali nne kubwa kabla ya kushinda ya kwanza mwaka 2005 Marekani. Akastaafu mwaka 2007, akajifungua binti, akarudi mwaka 2009 na kushinda Marekani tena. Baada ya fainali ya nne angeweza kuambiwa maneno yaleyale uliyomwambia Ons.

Na Vondrousova aliyeshinda siku ile, unajua mwaka uliotangulia alikuwa wapi? Alikuwa London kama mtazamaji, kifundo cha mkono kikiwa kimefungwa baada ya upasuaji. Alikaa nje miezi, akashuka kwenye orodha, akaja Wimbledon akiwa namba 42. Hilo goti lako linapokuambia ukae nyumbani, nataka umkumbuke huyu pia.

Miaka miwili iliyofuata sitaichambua sana, inaumiza. Goti, bega, Olimpiki ya Paris akaikosa, msimu wa 2024 ukakatika kabla ya wakati. Wimbledon ya 2025 mechi ya kwanza tu ilimshinda kumaliza, joto kali, pumzi inakataa. Wiki mbili hivi baadaye akatangaza anapumzika. Alieleza kwamba kwa miaka miwili amekuwa akijilazimisha, akipambana na majeraha, na kwamba muda mrefu umepita bila kujisikia furaha uwanjani. Watunisia walimpa jina la Waziri wa Furaha, Tuse. Mtu wa namna hiyo kusema furaha imemtoka si jambo dogo. Na mwisho wa mwaka akatangaza ni mjamzito.

Huko ndiko unakoita kukimbia? Mimi naona ni mtu aliyechagua mwenyewe, kwa saa aliyoitaka, akaeleza sababu zake waziwazi bila kumtupia mtu lawama. Na mlango haujafungwa. Tangu mwaka 2025 wachezaji wa WTA wanaotimiza masharti hulipwa likizo ya uzazi mpaka miezi 12, na anayerudi baada ya kujifungua anaweza kutumia nafasi yake ya zamani kuingia kwenye mashindano kwa muda fulani. Kama atarudi ni uamuzi wake. Asiporudi pia, sitamhesabia fainali tatu kama aibu. Msichana aliyeanza kwenye viwanja vya hoteli alikuwa namba mbili duniani.

Sasa wewe. Sikuandikii ili nikurudishe uwanjani. Wakati mwingine ukiwa unaruka kufunga mimi nilifumba macho, nikiogopa utakavyotua. Ninachokataa ni sababu unazozitaja: yule kiongozi wa timu aliyesema umekwisha, na wale wanaokutaka uchome sindano ya maumivu ucheze nusu fainali. Usiache kwa sababu yao na usicheze kwa sababu yao. Hujapimwa goti vizuri hata mara moja. Unatembea na maneno ya watu waliolitazama kwa macho tu.

Njoo Mbeya. Hospitali ya rufaa ina madaktari wa mifupa, nimeshaulizia siku za kliniki, ni lazima ufike asubuhi sana na karatasi ya rufaa kutoka huko, kwa hiyo ianze kuitafuta kesho. Utalala kwangu. Ukihitaji mazoezi ya viungo, nitakupeleka na kukurudisha, ratiba yangu ya vipindi inaniruhusu mchana. Baada ya majibu ndipo tuongee habari ya kuendelea au kuacha, na utakachoamua mimi nitasimama nacho mbele ya yeyote, Mama akiwemo, maana najua yeye anataka uache tangu zamani.

Beba koti. Na ukipata nafasi, niletee raketi zile mbili za zamani ulizoniambia ziko stoo kazini kwenu kama bado wanazigawa, hata zikiwa na nyuzi zilizokatika, kuna fundi hapa anajaribu kuzifunga upya.

Nijibu kabla ya Ijumaa ili nijue kama nikuwekee nafasi.

Wako,
Subi